Waranti ikiisha, haki ya mnunuzi haijaisha

Kuna kauli ambayo wafanyabiashara wa Busia, Malaba na Mutukula wameisikia mara nyingi hadi wanaichukua kuwa sheria: waranti imekwisha, hatuna la kufanya. Laptopu iliyonunuliwa Luthuli Avenue jijini Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam, inafanya kazi miezi 13, kisha asubuhi moja inakataa kuwaka. Mwenyewe anapanda basi na mashine mkobani, analipa nauli ya kwenda na kurudi, na akifika dukani anaonyeshwa tarehe kwenye karatasi. Anarudi kimya. Ukimya huo ndio unaowanenepesha wauzaji wabaya.

Waranti ni ahadi anayoitoa mtengenezaji au mwenye duka kwa hiari yake. Anaweza kuifanya ya miezi 3 au miaka 3. Sheria ya mauzo ni kitu kingine kabisa, na haimsubiri muuzaji aahidi. Uganda, Kenya na Tanzania zilirithi sheria hiyo kutoka kwa Waingereza, na kiini chake ni kimoja: anayeuza bidhaa kama biashara yake lazima auze kitu chenye ubora unaostahili na kinachofaa kwa kazi yake. Uganda iliiandika upya katika Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017. Kenya iliongeza Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012, ambayo inasema wazi kwamba haki ilizotoa hazifutwi kwa makubaliano yoyote. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya Ushindani ya kuisimamia. Madai yanayotokana na mkataba yana muda wa miaka 6 katika nchi zote tatu, si miezi 12 ya karatasi ya dukani.

Hata hivyo tusidanganyane. Mtu aliyetumia mashine mwaka mzima hawezi kuitupa kaunta na kudai fedha zake zote. Mahakama itasema aliipokea na kuikubali. Kinachobaki mkononi mwake ni fidia, kwa mfano gharama ya matengenezo, na ni juu yake kuthibitisha kwamba kasoro ilikuwamo tangu siku ya kuuziwa. Betri inayochoka baada ya miaka miwili imechakaa tu. Mashine iliyomwagiwa chai ni shauri la mwenye chai. Lakini bodi inayoungua yenyewe mwezi wa 14, au bawaba inayovunjika wakati mwenyewe anafunua kifuniko kama kawaida, ni jambo la kuuliza. Fundi anayeaminika aandike alichokiona, kwa tarehe na sahihi, kabla hajagusa kitu. Bila karatasi hiyo kesi ni maneno matupu.

Ndugu zetu wanaorejea kutoka ng'ambo wana jambo jingine la kujua. Laptopu iliyonunuliwa dukani London inaongozwa na sheria ya Uingereza ya mwaka 2015: kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6 ya kwanza, muuzaji ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba haikuwamo, na madai yanaweza kufikishwa mahakamani hadi miaka 6. Nchi za Umoja wa Ulaya zinatoa dhamana ya kisheria isiyopungua miaka 2, hata kama duka liliandika mwaka mmoja. Haki hizo ni dhidi ya aliyeuza, kwa hiyo risiti isiachwe kwenye takataka za nyumba unayohama. Tena waranti nyingine hutumika katika nchi ya manunuzi tu. Ni vyema kuuliza kabla ya kupanda ndege, si baada ya kufika Entebbe.

Ziko pia kasoro ambazo kampuni zenyewe hukiri. Agosti 2006 Dell iliita irudishwe betri milioni 4.1 zilizotengenezwa na Sony kwa hofu ya kushika moto. Mwaka 2008 Nvidia ilikiri udhaifu katika baadhi ya vipande vyake vya picha, na Apple ikatengeneza bure mashine zilizoathirika hata zile ambazo waranti yake ilikuwa imepita. Namba iliyobandikwa chini ya laptopu inaweza kuonyesha kama mashine yako imo katika orodha ya namna hiyo. Ni wangapi mpakani huitazama?

Mchuuzi wa mpakani yuko pabaya zaidi, maana yeye ni mnunuzi Nairobi na ni muuzaji Busia. Mteja wake ana haki dhidi yake, wala kuandika "mali ikiuzwa hairudishwi" hakumpi kinga ya uhakika. Akinunua bila risiti yenye jina la duka na namba ya kila mashine, mzigo wote unamwangukia yeye.

Njia ya kudai ipo. Kanuni za madai madogo za mwaka 2011 hapa Uganda ziliweka kikomo cha shilingi milioni 10, na mdai hujieleza mwenyewe bila wakili. Kenya imeweka kikomo cha shilingi milioni 1 za huko, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Laptopu moja inaingia humo bila taabu.

Tatizo ni mstari wa mpaka. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa mwaka 2018 ili mizigo ipite upesi, lakini lalamiko la mnunuzi halina dirisha pale. Tunazitaka wizara za biashara za Uganda na Kenya ziweke ofisa mmoja kila upande wa kupokea malalamiko hayo na kuyafikisha kwa mamlaka ya nchi alipo muuzaji. Na mamlaka za kodi, ambazo hazichoki kuhimiza risiti, zidai risiti hizo zibebe namba ya mashine pia, si bei na kodi peke yake.