Fuko wa Kenya na kitendawili cha kiharusi

KWA miongo mingi, wanasayansi wanaosaka tiba ya kiharusi wamewategemea panya wa maabara. Mshipa wa ubongo huzibwa, dawa hutolewa, kisha sehemu iliyokufa hupimwa. Matunda ya kazi hiyo ni haba. Uchunguzi uliochapishwa 2006 ulihesabu tiba 1,026 zilizokuwa zimependekezwa na kufanyiwa majaribio; 114 pekee ndizo zilizokuwa zimefikishwa kwa wagonjwa. Dawa inayotegemewa zaidi hadi leo ni ile ya kuyeyusha damu iliyoganda, nayo hutakiwa itolewe ndani ya saa nne na nusu. Mkazi wa Kangemi aliyekwama katika msongamano wa Waiyaki Way anajua saa hizo huyeyuka vipi.

Sehemu ya tatizo ni panya mwenyewe. Aghalabu huwa kijana mwenye siha, ilhali mgonjwa ni mzee mwenye shinikizo la damu na kisukari. Lakini hata swali lina kasoro: tunamjeruhi mnyama, kisha tunatafuta namna ya kumponya. Mbona tusimchunguze asiyejeruhika?

Mnyama huyo yupo humu nchini. Ni fuko asiye na manyoya, anayechimba mashimo katika maeneo kame ya Kenya, Ethiopia na Somalia, na ambaye huweza kuishi zaidi ya miaka 30. Jennifer Jarvis alianza kumchunguza akiwa Nairobi mnamo 1967, na mwaka wa 1981 akautangazia ulimwengu kwamba fuko hao huishi kama nyuki, chini ya malkia mmoja. Mnamo 1990, Titus Kanui wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mwenzake Kjell Hole walieleza jambo la ajabu: mofini haikuwatuliza maumivu bali iliwafanya wakali.

Ugunduzi unaohusu kiharusi ulitoka mbali. Mnamo 2017, watafiti wa Chicago na Berlin, wakiongozwa na Thomas Park na Gary Lewin, walionyesha kuwa fuko huhimili dakika 18 bila oksijeni yoyote, kisha akazinduka bila dhara lililoonekana. Panya mdogo wa kawaida hakumaliza dakika moja. Oksijeni inapokosekana, ubongo wa fuko hugeukia sukari ya matunda, ambayo huchomwa kwa njia isiyozibwa na asidi inayorundikana.

Hiyo si tiba, wala msomaji asikimbilie maji ya matunda; ubongo wa binadamu hauna uwezo huo kwa kiwango hicho. Hata hivyo, ni dokezo lenye uzito kuliko dawa nyingi zilizosifiwa kwa sababu ya panya.

Kinachokera ni kwamba makundi ya fuko yanayochunguzwa ng'ambo yana asili yake Afrika Mashariki, ilhali vifaa vya kuchunguza ubongo wao viko huko. Mkataba wa Nagoya, ulioanza kutumika Oktoba 2014, unataka nchi yenye viumbe igawiwe manufaa yanayotokana nao. Basi serikali inapotoa kibali cha kuwanasa na kuwasafirisha fuko, iweke sharti kwamba sehemu ya majaribio ifanyiwe Chiromo, na wanafunzi wa Nairobi wawe miongoni mwa watafiti, si wachimbaji wa mashimo tu.