Petersburg haimo ndani ya Mkoa wa Leningrad
Mwandishi wa makala, hapo ulipoiweka Saint Petersburg kuwa mji mmojawapo wa Mkoa wa Leningrad, hapana. Kikatiba jiji lile linajitegemea kama Moscow, lina gavana wake na bunge lake. Mkoa umelizunguka upande wote wa nchi kavu, nao una gavana wake, wilaya 17 na mji wa Sosnovy Bor unaosimama peke yake. Mwaka 1991 jiji lilirudia jina la zamani, mkoa ukabaki na la Lenin. Nilisoma jijini humo nikapanga chumba Murino, maana kodi ni nafuu na metro inafika, kituo cha Devyatkino. Lakini Murino ni mkoani! Karani dirishani jijini alitazama anwani yangu tu, akanirudishia makaratasi yote ya ukaazi: nenda Vsevolozhsk, ndiko makao ya wilaya yako. Hata magari yaliyoegeshwa pale nje ya jengo letu, haya yalikuwa na namba ya 78 ya jiji, yale 47 ya mkoa. Na wewe ndugu uliyeuliza hapo juu kuhusu makao makuu ya mkoa: kisheria ni Gatchina tangu 2021, ingawa serikali ya mkoa imeendelea kuwa na ofisi zake Petersburg. Mhariri, tafadhali rekebisha ramani ya makala hiyo. Na wadogo zetu mnaokwenda kusoma huko, ulizeni kwanza nyumba iko upande gani wa mpaka ndipo mlipe kodi.