BWANA SHAMBA ANAZUNGUMZA: Kemu ya mbio haipandishi mzigo mlimani



Mwezi huu sizungumzii mahindi wala viazi. Nazungumzia pikipiki. Siku hizi mbolea inapanda mlima kwa pikipiki, na kabichi inashuka kwa pikipiki. Pikipiki ikifa, kabichi inaoza shambani. Kwa hiyo hii nayo ni habari ya kilimo.

Hapa kwetu wilaya ya Lushoto ninaye jirani, kijana mchapakazi. Yeye hubeba mbolea kutoka Mombo, kule tambarare, na kuileta huku juu. Mwaka jana pikipiki yake ilianza kuishiwa nguvu. Akiwa na mifuko miwili ya kilo 50, ilimbidi ashuke na kusukuma. Muuza vipuri mmoja akamwambia, "Weka kemu kubwa, utapaa." Kijana akanunua. Akafungua injini nyumbani, juu ya gunia, chini ya mti.

Kemu ni nini? Ni kipande cha chuma chenye nundu, kama nundu ya ng'ombe. Kinazunguka ndani ya injini. Nundu ikifika juu, inasukuma chuma kiitwacho roka, na roka inafungua valvu. Valvu ni mlango. Mlango mmoja unaingiza hewa na petroli. Mlango wa pili unatoa moshi. Nundu ikipita, springi inafunga mlango.

Kemu ya mbio ina nundu kubwa zaidi. Inafungua mlango sana, na inauacha wazi kwa muda mrefu. Injini ikizunguka kwa kasi kubwa, jambo hilo linasaidia, maana hewa haina muda wa kuingia. Lakini mlimani na mzigo injini inazunguka polepole. Mlango ukiwa bado wazi, sehemu ya hewa na petroli inarudi ilikotoka. Nguvu inapungua pale pale unapoihitaji. Kemu ya namna hiyo inamfaa mtu wa mashindano. Mbeba mbolea haimfai.

Jioni yule kijana akaja kwangu, mikono myeusi kwa oili.

"Shikamoo, bwana shamba. Imegoma."

"Marahaba. Ulitazama alama kabla ya kufungua?"

"Alama gani?"

Hapo nikajua. Katika injini yake kemu inazungushwa na cheni. Injini ikizunguka mara mbili, kemu inazunguka mara moja. Lazima viende pamoja. Ndiyo sababu gurudumu la sumaku lina alama ya T, na gia ya kemu nayo ina alama yake. Alama zisipokaa mahali pake, hata kwa jino moja, valvu inafunguka wakati si wake. Na nundu kubwa inaisukuma valvu chini zaidi. Alipopiga kiki, injini ililia ka-ka-ka, ikazima. Pistoni ilikuwa imegonga valvu. Valvu zote mbili zilipinda. Aliuza mbuzi wawili kulipia matengenezo, na msimu wa kupandia haukumngoja.

Fundi akatuonyesha ugonjwa wenyewe. Kemu ya zamani haikuwa na kosa. Filta ya hewa ilikuwa imejaa vumbi. Tena ile nafasi ndogo kati ya roka na valvu ilikuwa imekwisha. Nafasi hiyo ikikosekana, mlango haufungi vizuri, na nguvu inavuja. Kwa Honda CG125 nafasi hiyo ni milimita 0.08, injini ikiwa imepoa. Ni unene kama wa karatasi. Hupimwa kwa kipimo chake maalumu. Aina nyingine zina namba nyingine. Kitabu cha pikipiki yako kinayo, na sasa unajua kusoma. Kisome.

Je, kemu haibadilishwi kamwe? Hubadilishwa ikilika. Injini hizi ndogo zinachukua oili karibu lita 1 tu. Ikipungua kidogo, nundu inasagika na kuwa na mashimo. Hapo weka kemu mpya, lakini ya aina ile ile iliyotoka kiwandani. Tazama na roka zake pia, maana roka mbovu itakula kemu mpya.

Tena kumbukeni mlima wenyewe. Juu hewa ni nyepesi. Kwa kila mita 1000 unazopanda, injini inapoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu yake. Lushoto mjini ni karibu mita 1400. Kupungua huko hakuna fundi wa kukutibu.

Anayebeba mzigo mlimani atazame spoketi ya mbele. Yule kijana alikuwa na ya meno 15. Fundi akamwekea ya meno 14. Mvuto kwenye gurudumu umeongezeka kwa karibu asilimia 7, na mwendo wa juu umepungua kwa kiasi hicho hicho. Injini haikufunguliwa tena.

Juzi nimemwona akipita na mifuko yake miwili, amekaa kitini. Analalamika kwamba wenzake wanampita kule tambarare. Nikamwuliza kama wanampita na mlimani. Akacheka, akaenda zake.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi kwenye viazi na ugonjwa wa ukungu.