Vifaranga wagonjwa wasiuzwe

Mfugaji anayenunua vifaranga kisha akawasikia wakikoroma na kupiga chafya hajapatwa na mkosi. Maikoplazima, vimelea vya mafua sugu, hupita kutoka kwa kuku mzazi hadi ndani ya yai, na baridi ya safari huuchochea ugonjwa.

Wauzaji wawajibike: watoe kumbukumbu za chanjo, hasa ya kideri. Mnunuzi naye awatenge wageni kwa wiki 2 au zaidi, awape joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, na aondoe maranda yaliyolowa, kwani amonia huumiza njia ya hewa.

Antibiotiki haziui virusi vya kideri. Wafugaji, mwiteni ofisa mifugo kabla ya kukimbilia duka la dawa.