Alama ya Mruko Si Kipimo cha Kipawa

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Hata hivyo, wakulima wa Kitui na Makueni wanajua vyema kuwa si kila wingu hunyesha. Hekima hiyo yafaa kuzingatiwa na kila mwamuzi anayempima mchezaji ngoma chipukizi katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoasisiwa mwaka 1927.

Jamii ya Wakamba imesifika tangu jadi kwa ngoma zenye wepesi wa viungo. Mathalan, mbeni ni ngoma ya vijana iliyosheheni miruko na madaha ya mwili. Kwa sababu hiyo, mtoto wa shule anayeruka juu kuwapita wenzake hushangiliwa hata kabla hajatua. Hatari iliyopo ni alama za mwamuzi kugeuka mwangwi wa vigelegele hivyo.

Mruko una hatua tatu: kujirusha, kukaa hewani na kutua. Hadhira huiona ile ya pili. Mwamuzi makini huzitazama zaidi ya kwanza na ya tatu. Je, mchezaji alikunja magoti kabla ya kujirusha, au alijitupa kwa nguvu za mabega? Je, alitua magoti yakiupokea uzito, akiwa bado katika pigo la ngoma, au aliyumba huku akilitafuta pigo lililokwisha kumpita? Upungufu wa nguvu na pumzi huondolewa na mazoezi. Namna mbovu ya kujirusha, ikishazoeleka, ni vigumu kuing'oa. Hivyo basi, anayeruka chini lakini akatua sawasawa aweza kuwa na mustakabali mwema kuliko anayepaa na kuanguka kama gunia.

Funzo kama hili limepatikana pia mbali na Ukambani, katika mchezo wa kuteleza kwa madaha kwenye barafu. Baada ya kashfa ya uamuzi katika Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002, shirikisho la kimataifa la mchezo huo liliidhinisha mwaka 2004 utaratibu wa kutoa alama kwa kila tendo na kwa ubora wa utekelezaji wake. Hata hapo, wasichana wadogo wenye miili myepesi waliendelea kutamba kwa miruko ya mizunguko mingi. Miili ilipokua, baadhi yao walishindwa kuirudia. Mwaka 2022 shirikisho hilo liliamua kupandisha hatua kwa hatua umri wa chini wa kushiriki mashindano ya watu wazima, kutoka miaka 15 hadi 17, ili kulinda afya ya vijana. Waama, ustadi wa leo na uwezo wa kesho ni mambo mawili.

Huenda ikadaiwa kuwa mashindano hutuza kilichochezwa jukwaani, si kinachotarajiwa. Dai hilo ni la haki, na alama zibaki hivyo. Lakini maelezo ya mwamuzi yana kazi nyingine: kumwonyesha mwalimu pa kuanzia kesho yake. Maneno kama "mmejitahidi, ongezeni bidii" hayamfai yeyote.

Hapa wanafunzi wa Kiswahili wana deni. Mhakiki akisema shairi ni guni, mtunzi hujua mara moja kuwa kanuni za vina au mizani zimekiukwa. Mtoto wa Mwingi au Wote aliyetua vibaya anastahili lugha iliyo bayana kiasi hicho. Istilahi za ushairi zimekusanywa na kufafanuliwa kwa miongo mingi. Za mwili uchezao hazijapewa uzito huo. Ni jukumu la vyama vya Kiswahili vyuoni kuketi na wachezaji, wazee wa ngoma na waamuzi, wakusanye maneno ya Kikamba na ya Kiswahili yanayotaja kila hatua ya mruko.

Bila maneno hayo, mtoto atarudi nyumbani na nambari tu, asijue alipokosea wala alipofaulu. Udongo uwahi ungali maji.