Dawa ya maumivu inapopungua nguvu, mgonjwa amweleze nini daktari?

KATIKA kliniki nyingi za wagonjwa wa nje, mazungumzo kuhusu maumivu huchukua muda mfupi kuliko kutafuta faili. Mgonjwa husema kwamba dawa aliyopewa mara ya mwisho haimsaidii tena, daktari humtazama, kisha uamuzi hutolewa kwa dakika chache. Dozi inaongezwa, au dawa inabadilishwa, au mgonjwa anaambiwa avumilie. Kwa mtu mwenye mafua hilo halina madhara makubwa. Kwa mtu ambaye amekuwa akinywa mofini kwa miezi minane kwa sababu ya saratani, dakika hizo ndizo zinazoamua kama atalala usiku au atakesha akigugumia.

Suala lenyewe ni la kitabibu, lakini limefunikwa na woga wa pande mbili. Mgonjwa anaogopa kuonekana teja. Daktari naye anaogopa kumfanya mgonjwa wake kuwa teja, na wakati mwingine anaogopa pia maswali ya wakaguzi, kwa kuwa mofini ni dawa inayodhibitiwa na sheria. Matokeo yake ni kwamba mmoja anaficha na mwingine hadadisi. Mgonjwa akitoka hapo anapitia duka la dawa na kununua vidonge vingine, ambavyo daktari hatavijua kamwe.

Lugha nayo imechangia utata huo. Neno linalomjia Mtanzania haraka anapotaka kueleza dawa iliyoacha kufanya kazi ni "usugu". Waliokuwa watu wazima mwaka 2001 wanakumbuka jinsi klorokwini ilivyoondolewa katika nafasi ya dawa ya kwanza ya malaria, kwa sababu vimelea vilikuwa sugu. Ikaingia SP, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikafuata dawa mseto ya ALu. Fundisho lililobaki vichwani mwa watu ni kwamba dawa ikishindwa imeshindwa, itafutwe nyingine. Fundisho hilo lilikuwa sahihi kwa malaria. Kwa maumivu linapotosha, kwa kuwa hapa hakuna kimelea. Kinachobadilika ni mwili wa mgonjwa mwenyewe.

Mofini na dawa za ukoo wake, zikiwamo kodeini, tramadoli na pethidini, hufanya kazi kwa kushika vipokezi vilivyomo katika ubongo na uti wa mgongo na hivyo kupunguza taarifa za maumivu zinazopita humo. Vipokezi hivyo vikiguswa kila siku, wiki baada ya wiki, mwitikio wake hufifia. Dozi iliyokuwa ikitoa nafuu ya saa nne sasa inatoa ya saa mbili na nusu. Hiyo ndiyo hali ya mwili kuzoea dawa, na inaweza kumpata mgonjwa mwaminifu kuliko wote anayefuata maelekezo yote ya hospitali.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi ni kwamba mwili hauzoei kila kitu kwa kasi moja. Usingizi na kichefuchefu vinavyoambatana na mofini kwa kawaida hupungua baada ya siku chache. Kufunga choo hakupungui, hata mgonjwa akitumia dawa hiyo mwaka mzima. Ndiyo maana wataalamu wa tiba shufaa husisitiza kwamba dawa ya kulainisha choo itolewe pamoja na mofini tangu siku ya kwanza. Pale inaposahauliwa, mgonjwa aliyekosa choo siku tano huamua mwenyewe kupunguza mofini, maumivu yanarudi, na siku ya kliniki taarifa inayofika kwa daktari ni moja tu: dawa haifanyi kazi.

Kabla ya kwenda mbali zaidi, ni vema kutenganisha mambo matatu ambayo mitaani yamewekwa kapu moja. La kwanza ni mwili kuzoea dawa, kama lilivyoelezwa. La pili ni utegemezi wa mwili: dawa ikikatwa ghafla, mtu hutokwa jasho, huharisha, hutetemeka, hukosa usingizi na viungo vyote humuuma. Vijana wanaiita arosto. La tatu ni uraibu, yaani kuitafuta na kuitumia dawa bila uwezo wa kujizuia, hata pale inapoharibu kazi, familia na afya.

Mambo mawili ya kwanza yanaweza kumpata karibu kila anayetumia dawa hizi kila siku kwa wiki kadhaa. La tatu huwapata baadhi tu. Wagonjwa wanaotumia prednisoloni kwa muda mrefu nao hawaruhusiwi kuiacha ghafla, na wanaotumia propranololi kwa ajili ya moyo ni vivyo hivyo. Hakuna anayewaita mateja.

Hii haina maana kwamba uraibu ni hofu ya kubuni. Jiji la Dar es Salaam linawajua waathirika wake wa heroini, na kliniki ya methadoni iliyofunguliwa Muhimbili mwaka 2011 ilianzishwa kwa sababu hiyo. Daktari anayemuuliza mgonjwa kama aliwahi kutumia dawa za kulevya au pombe nyingi, au kama ndugu zake waliwahi kupata tatizo hilo, hamtusi. Anapima hatari. Mgonjwa anayejibu kwa ukweli hajinyimi dawa. Anampa daktari nafasi ya kumpangia kiasi kidogo kwa kila safari na kumwona mara kwa mara.

Sasa turudi chumbani mwa daktari. Swali la kwanza linalopaswa kujibiwa si dozi iongezwe kiasi gani. Ni hili: dawa ndiyo imepungua nguvu, au maumivu ndiyo yamebadilika? Kwa mgonjwa wa saratani, mara nyingi haja ya dozi kubwa hutokana na ugonjwa wenyewe kusonga mbele. Maumivu yaliyokuwa tumboni yakihamia mgongoni, hiyo ni habari mpya. Maumivu ya mfupa ulioingiliwa na saratani yanaweza kupungua sana kwa tiba ya mionzi, ambayo hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, kuliko kwa kuongeza mofini pekee. Maumivu yanayochoma kama moto au kupiga kama umeme mara nyingi ni ya mishipa ya fahamu, na hayo huhitaji dawa ya aina nyingine kama amitriptilini. Mgonjwa anayesema tu "inauma" anamnyima daktari njia zote hizo.

Kuna chanzo kingine ambacho ni cha kawaida mno, na kinastahili kuchunguzwa kabla ya kulaumu mwili. Nacho ni saa. Mofini ya maji hufanya kazi kwa takribani saa nne. Lakini desturi ya kuandika "kutwa mara tatu" imezama sana katika hospitali na nyumba zetu, kiasi kwamba hata dawa ya saa nne hunyweka asubuhi, mchana na jioni. Mgonjwa anayekunywa saa moja usiku atabaki bila kinga kuanzia saa tano hivi hadi kunapokucha. Anapolalamika kwamba dawa imeisha nguvu, anasema kweli kwa namna yake, lakini dawa haina kosa. Wengine huambiwa na ndugu waiweke akiba, "isije ikaisha kabla ya siku zake", na kusubiri hadi maumivu yapande ndipo wanywe. Kuyashusha maumivu yaliyokwisha kupanda ni kazi ngumu kuliko kuyazuia yasipande.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa anayekwenda kliniki na daftari dogo ana nafasi nzuri kuliko mwenye barua ya rufaa bila daftari. Ndani yake kuwe na saa aliyokunywa dawa, nafuu ilianza lini na ilikatika lini, maumivu yalikuwa wapi na ya namna gani, alipata choo lini, alitapika au la. Ayaandike pia yale aliyoshindwa kufanya, kwa mfano kusimama jikoni, kusujudu au kupanda daladala. Daktari anayesoma kwamba nafuu hukatika saa moja kabla ya dozi inayofuata anajua la kufanya bila kubahatisha.

Daftari hilo lisiache vidonge vya dukani, na hapa ndipo wengi hudanganya. Diklofenaki na ibuprofeni hazizoeleki mwilini kwa namna ya mofini, lakini zina kikomo. Ukikipita huongezi nafuu, unaongeza hatari ya vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Parasetamoli kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na imo pia katika dawa nyingi za mafua, hivyo ni rahisi kupitisha kiasi bila kujua. Tramadoli, ambayo wengine huinunua wakidhani ni ndugu wa Panadol, ni ya ukoo wa mofini ingawa ni dhaifu kuliko mofini, na kwa dozi kubwa inaweza kuleta degedege. Pombe au dawa za usingizi kama diazepamu zikichanganywa na mofini zinaweza kusimamisha pumzi. Daktari asiyejua hayo akiongeza dozi, anaongeza gizani.

Ikithibitika kwamba mwili umezoea, daktari bado ana njia zaidi ya moja. Anaweza kuongeza dozi taratibu, kwa kuwa mofini kwa mgonjwa wa saratani haina kiwango kimoja cha juu kinachowafaa wote. Anaweza kubadili kwenda dawa nyingine ya ukoo huo, akianza na kiasi pungufu kuliko hesabu ya kulinganisha inavyoonyesha, maana mwili uliozoea moja haujaizoea nyingine kwa kiwango kile kile. Anaweza pia kupunguza. Hili huwashangaza wagonjwa, lakini ipo hali inayofahamika ambapo mofini nyingi huamsha maumivu badala ya kuyatuliza. Mwili mzima huanza kuuma hata kwa kuguswa na shuka, na kila nyongeza huzidisha mateso.

Kwa maumivu ya mgongo au magoti yasiyotokana na saratani, daktari anayekataa kuongeza ana hoja nzito. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018, uliofuatilia wagonjwa 240 kwa mwaka mmoja, haukuona kwamba dawa za ukoo wa mofini zilikuwa bora kuliko dawa za kawaida kwa maumivu ya aina hiyo. Kukataa huko, hata hivyo, kuendane na maelezo na mpango mwingine, yakiwamo mazoezi ya viungo. "Vumilia, mama" si mpango.

Marekani inatajwa mara nyingi katika mjadala huu, na kwa kawaida hutajwa nusu. Nusu ya kwanza ni kwamba OxyContin ilinadiwa huko tangu mwaka 1996 kwa madai yaliyopunguza ukubwa wa hatari ya uraibu, na mwaka 2007 kampuni ya Purdue Frederick ikakiri kosa hilo mahakamani. Nusu ya pili ni yaliyofuata. Mwaka 2016 taasisi ya kudhibiti magonjwa ya nchi hiyo, CDC, ilitoa mwongozo wa tahadhari, na baadhi ya madaktari wakaugeuza kuwa kisu. Wagonjwa wa miaka mingi walikatiwa dawa ghafla. Aprili 2019 mamlaka ya dawa, FDA, ililazimika kuonya kwamba ukataji huo ulikuwa umeleta maumivu makali, msongo wa mawazo na hata watu kujiua. Mwongozo mpya wa CDC wa mwaka 2022 uliachana na viwango vilivyokuwa vikichukuliwa kama ukuta.

Afrika Mashariki haina tatizo la wingi huo. Tume ya jarida la Lancet ilionyesha mwaka 2018 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za ukoo wa mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu. Uganda ndiyo iliyoonyesha mapema kwamba uchache huo si amri. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dk Anne Merriman mwaka 1993, ilitumia mofini ya unga iliyochanganywa na maji, na kanuni za mwaka 2004 zikawaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliofunzwa tiba shufaa kuiandika. Mgonjwa wa kijijini akapata mtu wa kuzungumza naye bila kusafiri hadi kwa daktari bingwa.

Wanaoumia zaidi kwa kutosikilizwa pengine ni vijana wenye selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita. Maumivu yao huja kwa vipindi, hawana jeraha la kuonyesha, na wamelazwa mara nyingi kiasi cha kuyajua majina ya dawa na dozi zinazowafaa. Ujuzi huo hugeuzwa kuwa ushahidi dhidi yao. Kijana anayesema miligramu tano hazitamtosha hutiliwa shaka, wakati mgonjwa wa kisukari anayetaja kipimo chake cha insulini husifiwa.

Jambo moja zaidi haliwezi kusubiri siku ya kliniki. Mwili unaozoea dawa pia husahau, na husahau haraka. Mgonjwa aliyekosa mofini kwa wiki mbili, labda kwa sababu stoo ya hospitali ya mkoa ilikuwa tupu au nauli ilikosekana, anaweza asiwe tena na uwezo wa kuhimili dozi aliyokuwa akinywa awali. Akiirudia kama ilivyokuwa, inaweza kumsimamisha pumzi usingizini. Chupa ikipatikana tena, kwanza amtafute daktari au muuguzi, kwa simu ikibidi, na amtajie tarehe na saa ya dozi ya mwisho.