"Ameanguka" Si Jibu: Muuguzi Anapaswa Kuuliza



Linganisha sentensi hizi tatu: "Mama ameanguka." "Mama ameangushwa." "Mama ameangushwa na mumewe." Ya kwanza haina mtenda mwingine, ya pili inamficha, ya tatu inamtaja. Sarufi hii haiishii darasani. Katika vituo vya afya vya mwambao wetu, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, mwanamke mwenye jicho lililovimba aweza kuandikwa daftarini kwa sentensi ya kwanza, akapewa dawa ya maumivu, kisha akarudi kwa yule yule aliyempiga. Nasema wazi: anayetibu jeraha bila kuuliza limetoka wapi amefanya nusu ya kazi.

Wapo watakaopinga: "Mambo ya ndoa ni ya ndani, siri ya mtungi aijuaye kata." Hoja hiyo ni dhaifu. Lugha hiyo hiyo inatuonya kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Tena sheria imekwisha kuamua. Tangu Septemba 2016 Burundi ina sheria ya kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia. Kumpiga mke si siri ya nyumba, ni kosa.

Wengine husema: "Foleni ni ndefu, na muuguzi si polisi." Kweli, si polisi, wala hatakiwi kumkamata mtu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, halimtaki amhoji kila mwanamke anayeingia mlangoni. Linamtaka azijue dalili: majeraha yasiyolingana na maelezo, maumivu ya muda mrefu yasiyo na sababu, huzuni nzito, mume asiyekubali kutoka chumbani na anayejibu kila swali la mkewe. Akiziona, amuulize mama faraghani, amsikilize bila kumlaumu, amwamini, wafikirie pamoja usalama wake, amwelekeze panapo msaada. Asimlazimishe kushtaki. Asimfanye mume wala wifi kuwa mkalimani. Na kama mama amebakwa, asicheleweshwe: dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI huanza kutolewa ndani ya saa 72.

Kwa nini tuanzie kituo cha afya? Tangu 2006, nchini Burundi kujifungua na kuwatibu watoto walio chini ya miaka 5 hakulipiwi. Mwanamke asiyethubutu kukanyaga kituo cha polisi atampeleka mtoto mwenye homa kwa muuguzi, wala hakuna atakayeshangaa. Vipo vituo maalumu vya kuwapokea waathirika, kama Seruka cha Bujumbura na Humura cha Gitega. Lakini mwanamke wa mwaloni Rumonge, anayeanika ndagala mchana kutwa, hatafika huko iwapo wa kwanza kumwona hakutaka kuona.

Nawe, mwanafunzi, kesho huenda ukawa muuguzi au mkalimani. Basi jifunze swali hili kwa sauti ya upole: "Mama, hapa tuko wawili tu. Je, kuna mtu anayekuumiza nyumbani?" Kisha nyamaza, usikilize.

Zoezi: Andika upya sentensi "Mama ameumia" kwa namna tatu, ukimtaja mtenda waziwazi. Kisha ueleze ni nani anayenufaika mtenda asipotajwa.